Jina la Bibi kwenye Ukurasa wa Majaribio

Sisi tunaoandika programu tuna ukurasa wetu mmoja tunaoupenda kupita kiasi, na mimi nimeuchoka. Nitaueleza kwa maneno ya kawaida, maana wenzangu wa kazi hii wana tabia ya kusema ili wasieleweke, halafu wanajisifu kuwa jambo lenyewe ni zito. Programu moja ikitaka kuitumia nyingine, hupitia milango maalumu, na milango hiyo ndiyo tunayoiita API. Ukurasa ninaousema huipanga milango yote mbele yako. Ukibofya mmoja unafunguka, ndani unakuta mfano wa ombi ulioandikwa tayari, na chini yake kuna kitufe: Jaribu. Ukikibonyeza, ombi linakwenda na jibu linarudi hapo hapo. Likirudi na namba mia mbili kwa rangi ya kijani, ujue seva, ile mashine ya upande wa pili, imelipokea.

Imelipokea, basi. Haikusema kuwa uliloomba lina maana. Lakini nenda ofisi yoyote ya Dar es Salaam yenye vijana wa kompyuta, utawaona wanabonyeza, kijani kinatokea, wanagongeana mikono. "Imekubali!" Imekubali nini, mwenzangu? Nimekaa kwenye mikutano ya hoteli, maji ya chupa mbele yetu, mtu mzima na ndevu zake anatuonyesha kijani kwa saa nzima na watu wanapiga makofi. Nilikuwa nawatazama nikijisemea moyoni, Mungu kaumba watu na hawa nao akawaumba.

Mimi naishi Bagamoyo, nyumba aliyoiacha baba yangu, na naifanya kazi hiyo hiyo ya programu nikiwa nyumbani, miguu nimeinyoosha mkekani. Ninayoyasimulia hapa yalitokea katika nyumba hii, na chanzo chake ni siku tuliyomzika baba.

Baba alifariki asubuhi akazikwa alasiri, kama desturi yetu, maana maiti haicheleweshwi. Dada yake, shangazi yangu, alikuwa Lugoba, kwenye shamba alikoolewa tangu mimi sijazaliwa. Shamba lile liko bondeni, mbali na barabara kuu, na kumpigia simu mtu aliyeko kule ni kubahatisha: ama hapatikani, ama inakatika kabla hamjamaliza kuamkiana. Meseji ndiyo hupenya. Siku ile tulipiga mpaka vidole vikauma, na kila mmoja akadhani mwenzake ameshaandika meseji. Hakuna aliyeandika. Shangazi aliipata habari kwa dereva wa lori la mkaa aliyemsikia mtu Msata. Alipofika kwetu, kaka yake ameshafukiwa na jeneza limesharudishwa msikitini.

Hakupiga kelele. Alinivuta uani, akanishika kifundo cha mkono mpaka nikasikia maumivu. "Mwanangu, kaka yangu nimemkosa," akasema. "Sawa, ni amri ya Mungu. Lakini mama yangu nitamuosha mimi, kwa mikono hii. Unasikia? Wewe ndiye uliyesomea mambo ya simu. Nakukabidhi."

Mama yake ndiye Bibi, mzaa baba, ambaye tulikuwa tukiishi naye hapa. Kwetu mwanamke akifa huoshwa na wanawake, na kama ana binti, haki ya kwanza ni ya binti. Tena Bibi hakuwa wa kuoshwa na yeyote tu. Alikuwa na ugomvi wa maisha na maji ya baridi. Ukimpelekea maji yasiyochemshwa alikurushia kata na tusi la Kikwere juu yake. Ukiyazidisha moto, alikuuliza kama unataka kumnyonyoa kama kuku. Shangazi peke yake ndiye aliyekijua kipimo. Akija kutusalimia, aliingiza kiwiko ndooni, akasubiri, akasema, "Tayari, mama," na Bibi alikwenda kuoga kimya kama mwari.

Basi nikaandika mfumo. Mdogo, hauna mapambo. Mtaa wetu una chama cha maziko, na wanachama wametawanyika kuanzia hapa mjini hadi Msata, Lugoba na Ubena. Mtu akifariki, katibu aliandika jina, nyumba na saa ya maziko, akabonyeza, meseji ikamfikia kila mwanachama. Ulifanya kazi zaidi ya mwaka na hakuna aliyeuzungumzia, na huo ndio uzuri wa kitu kinachofanya kazi.

Halafu akaja Mtaalamu. Si mimi niliyempa jina hilo, alijipa mwenyewe. Mzaliwa mmoja wa kwetu, tajiri wa Dar es Salaam, alisikia habari za mfumo akataka kutusaidia tusiohitaji msaada, akatuletea kijana mwenye viatu vyeupe na kompyuta iliyobandikwa vibandiko kama mlango wa kinyozi. Akaingia kwenye baraza ya mwenyekiti wa chama, hakumwamkia mtu, akasema, "Habari zenu, mimi ndiye mtaalamu wenu." Wazee wakatazamana. Mwenyekiti, kwa kuwa ni muungwana, akamwagizia kahawa.

Aliupekua mfumo wangu kwa nusu saa, akaguna. "Dada, umejitahidi. Ila hauna ukurasa wa majaribio. Mtu akitaka kuujaribu anajaribia wapi?"

Nikamwambia huku kwetu watu wanakufa kweli, hawajaribu. Hakucheka. Watu wa namna ile hawacheki mpaka wenzao wacheke.

Baada ya siku kumi akarudi na ukurasa wake. Nikiri kitu kimoja: ulikuwa mzuri. Mlango wa kuandikisha mwanachama, mlango wa kutangaza msiba, mlango wa kumfuta aliyehama, kila mmoja na maelezo yake na mfano wake. Kwa mtu anayejua anachokitafuta, chombo kile kinamwokolea siku nzima. Lakini mpe mpumbavu panga kali, utaona atakachokata.

Alitukusanya barazani atuonyeshe. Akafungua mlango wa kutangaza msiba. Penye jina la marehemu palikuwa patupu, na jina pekee alilolijua Bagamoyo nzima lilikuwa la mwenyekiti, aliyeketi pembeni yake na kikombe mkononi. Akaliandika hilo. Nikamuuliza, "Ukurasa huu umeutenga na mfumo wenyewe?" Akanijibu bila kunitazama, "Dada, huu ni wa kuchezea tu." Akabonyeza. Mia mbili, kijani. Akatugeukia na meno yote nje.

Hakuutenga. Kabla kahawa haijapoa tulisikia vilio vinatokea upande wa sokoni. Wanawake wa mtaa wa pili walikuja na mikeka vichwani, mmoja ameshavua viatu, wakamkuta marehemu anakunywa kahawa. "Lahaula!" Mke wa mwenyekiti, ambaye alikuwa jikoni na hana habari, alisikia jina la mumewe likililiwa akaanguka pale pale na mwiko wake. Gari zima la watu lilitoka Ubena. Mtaalamu alisimama katikati ya uwanja akisema, "Samahani jamani, ni hitilafu ndogo." Ndogo! Wazee walimpoza mwenyekiti kwa kumwambia aliyezushiwa kifo huongezewa umri. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilicheka kwa furaha mbaya, kwa sababu mjinga wangu alikuwa ameonekana na watu wote.

Kikaitishwa kikao. Tajiri aliomba radhi kwa simu, Mtaalamu hakufukuzwa, maana kwetu mgeni hafukuzwi hata akivunja sahani. Ikakubaliwa kuwa majaribio lazima yawepo, lakini yawe na mpaka. Hapo ndipo nilipoinuka mimi. Nayasema haya wazi usije ukamlaumu mwingine: mawazo yaliyofuata yalikuwa yangu, na niliyatoa kwa madaha, kitenge kipya mwilini.

Nikasema tuwe na watu sita tu wa kupokea majaribio, mmoja kila mahali, na wa Lugoba awe shangazi yangu, ili tuwe na hakika kila wakati kuwa njia ya kumfikia iko wazi. Nikasema kila meseji ya jaribio ianze na neno JARIBIO, mtu asihangaike. Na nikasema mpokeaji ajibu IMEFIKA, kwa sababu mia mbili ya seva ni upuuzi, inatuambia mashine imesikia, na sisi tunataka kujua binadamu amesikia. Nilimtazama Mtaalamu machoni nilipokuwa nalisema hilo. Watu wakasema, "Huyu ndiye binti wa marehemu kweli." Nikakaa nimevimba.

Likabaki suala la jina. Kila tangazo la msiba lazima liwe na jina la marehemu, na nani atatoa jina lake litiwe kwenye kifo cha mchezo? Uchuro! Katibu alikataa kabla hajaombwa. Mtaalamu akasema atabuni jina, akataja moja, na mtu nyuma akanyanyua mkono, "Huyo ni kaka yangu." Akabuni la pili. Huyo alikuwa anasomesha madrasa ya pale jirani. La tatu lilikuwa la marehemu wa kweli, na mjane wake alikuwepo kikaoni. Pwani hii majina ni yale yale, ukiyapanga vyovyote utamgusa mtu. Kijana wa watu akabaki anajikuna kichwa.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, tulidhani amesinzia. Akasema, "Tieni langu."

"Bibi!" nikamkemea.

"Tieni langu, nimesema. Nyie mnakiogopa kifo kwa sababu hamjazoeana. Mimi nimekiwekea kiti siku nyingi, hakiji tu. Tieni jina langu, labda kitasikia."

Watu wakacheka, mwenyekiti akamwombea dua, na jina la Bibi likaandikwa kwenye mfano ndani ya mlango wa msiba: jina lake kamili, nyumba yetu, maziko baada ya alasiri. Tangu siku hiyo yeyote aliyeufungua mlango ule alimkuta Bibi amekufa tayari, amebakishiwa kubonyezwa tu.

Shangazi alipoipata habari alinijia juu. Nilimfuata Lugoba mwenyewe kumfundisha kujibu. "Yaani mimi niletewe kifo cha mama yangu kwenye simu, halafu nijibu imefika? Nyie watu wa mjini mna akili gani?" Nikambembeleza. Nikamwambia, Shangazi, hii ndiyo dawa yenyewe, kila ukijibu nalala usingizi, najua siku ikija hutakosa. Akanitazama sana, kisha akavaa miwani yake. Tulikaa chini ya upenu wa nyumba kutwa nzima akijifunza kuandika neno moja. Simu yake aliitundika ndani ya kopo la maziwa ya unga kwenye mpapai wa uani, mahali pekee palipokuwa na mtandao, na ilipolia alikimbia kutoka shambani na jembe mkononi.

Mtaalamu sasa alikuwa amepata mchezo. Alikuwa akibadilisha rangi ya kitufe, anajaribu. Anahamisha mstari, anajaribu. Kuna wiki alimuua Bibi mara tano. Bibi mwenyewe aliniuliza asubuhi, "Leo nimekufa?" Nikimwambia ndiyo, alisema, "Na uji nitakunywa?" Na kila mara, baada ya dakika mbili tatu, simu yangu ililia: IMEFIKA, kutoka Lugoba. Wale wengine watano walichoka ndani ya mwezi mmoja. Mmoja aliizima kabisa simu yake. Shangazi hakuchoka hata mara moja. Niliyaonyesha majibu yake kwa watu kwa majivuno, nikamwambia Mtaalamu, "Huyu mwanamke wa jembe anaifanya kazi yake kuliko wewe."

Bibi alifariki kweli siku ya Jumanne, baada ya sala ya alfajiri. Alisali, akalala kwa ubavu wa kulia, akatuacha. Hakukuwa na hangaiko lolote. Nilimfumba macho mimi.

Nikafuta uso nikachukua simu. Nilimpigia Shangazi, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikafungua programu mpya ya chama, ile aliyoitengeneza Mtaalamu kwa ajili ya katibu badala ya yangu, nikaandika tangazo. Ikanikatalia kwa maandishi mekundu: namba ya kitambulisho cha taifa ya marehemu inahitajika. Nikatazama yale maandishi. Bibi yangu amelala hapo kwenye kitanda cha kamba, kidevu kimefungwa kitambaa, na huyu mwanaharamu wa viatu vyeupe anataka namba! Nilimtukana kwa sauti. Nilimtukana yeye na aliyemleta na shule iliyompa cheti. Ninamtukana hata sasa, ila sasa naongeza jina langu.

Nilivuta kompyuta, nikafungua ukurasa wa majaribio, nikaingia mlango wa msiba. Kila kitu kilikuwemo: jina lake, nyumba yetu. Sikuhitaji kuandika chochote. Nilibadilisha saa ya maziko, nikaweka adhuhuri. Nilibadilisha orodha, nikatoa ile ya watu sita nikaweka ya wanachama wote. Macho yalikuwa yamejaa machozi na nilitaka limalizike. Nikabonyeza Jaribu. Mia mbili.

Dakika tatu hazikupita, simu ikalia. IMEFIKA. Shangazi. Nikaibusu ile simu, Mungu wangu, niliibusu.

Binamu yangu alikuwa mlangoni na pikipiki, kofia ameshavaa. "Namfuata Shangazi Lugoba," akasema. "Simu yake siiamini."

"Ameshajibu," nikamwambia, nikamwonyesha. "Yuko njiani. Ukienda mtapishana, afike hapa wewe uko kule. Vua kofia ukachote maji."

Akasita. "Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyeutengeneza huo mfumo, wewe ulikuwa wapi?" Hivyo ndivyo nilivyomjibu, mbele ya watu, na akavua kofia.

Tukamsubiri. Kutoka Lugoba mpaka kwetu, ukipata gari Msata bila kukaa sana, haizidi mwendo wa saa mbili. Mwoshaji, mama mtu mzima aliyewaosha nusu ya wanawake wa mtaa huu, aliandaa pazia, sanda, sabuni na pamba. Maji yalichemshwa. Saa tatu ya asubuhi ikapita, saa nne ikapita. Maji yakapoa, tukachemsha tena. Nikawa natoka barazani natazama barabara narudi. Kila mtu aliyeniuliza nilimwambia, "Amejibu, amejibu." Saa tano ikafika. Mwoshaji akaniita ndani.

"Mwanangu, wanaume wanasubiri jeneza. Haifai."

"Mama, binti yake yuko njiani."

"Basi tuanze. Maji ya mwisho tutamwekea yeye, akifika amwagie mwenyewe."

Maji ya mwisho ndiyo yenye karafuu maiti. Aliyachanganya na maji ya moto kwenye jagi la plastiki, akayaweka pembeni, akayafunika na kitambaa. Tukamuosha Bibi taratibu kuliko nilivyowahi kuona mtu akioshwa. Mwoshaji alivuta muda kwa kila kiungo, alifanya hivyo kwa ajili yangu. Mpaka tukawa hatuna tena cha kuosha. Tukakaa nyuma ya pazia, wanawake wanne, tunasikiliza kama kuna pikipiki. Nje mtu akakohoa, akasema, "Muda, akina mama." Mwoshaji akalichukua lile jagi, akanipa mimi.

Nilimwaga. Maji yalinipitia vidoleni.

Jeneza lilipotoka, wanawake walibaki ndani wakilia, wengine wakisoma. Mama mmoja wa Msata, mwanachama, akaja kunipa mkono. Akanipa pole, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, kidogo nisije. Meseji yenu imeandikwa jaribio. Nikasema labda watu wanachezea simu. Ndipo nikampigia wifi yangu wa hapa, akaniambia ni kweli."

Sikumwelewa. Nikatoa simu nikaisoma ile meseji kwa mara ya kwanza tangu niitume. JARIBIO. Usihangaike. Jibu IMEFIKA. Kisha jina la Bibi, nyumba yetu, na ile saa niliyoibadilisha, mwisho kabisa, mahali ambapo mtu aliyesoma maneno hayo hayo mara mia hana sababu ya kufika. Kichwa kile kilikuwa ndani ya mfano tangu siku ya kikao. Niliagiza mimi kitiwe.

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimemcheka mwenzangu kwa kuamini kijani, na mimi nikaamini neno moja la herufi saba, nikamvua mtu kofia kwa ajili yake. Nilijiona mtu duni. Sijapata neno jingine.

Binamu alikuwa makaburini. Nilituma mtu akamwite, na alipotoka huko alivaa kofia yake akaondoka na udongo wa kaburi mikononi. Wakati huo huo Mtaalamu akapiga simu kutoka Dar es Salaam. "Pole sana, dada, nimeona kwenye kumbukumbu za mfumo. Ila la kushukuru, ombi lilipita vizuri. Mia mbili." Niliyachuma maneno yote mabaya niliyoyajua, nikayapanga ulimini, na sikulitoa hata moja. Nilimwambia asante nikakata.

Shangazi alifika karibu na magharibi, nyuma ya pikipiki ya binamu. Alikuwa na kanga za shambani, magoti yana udongo, maana alikuwa anapalilia mihogo. Wanawake walimpisha alipoingia. Alipita katikati yao mpaka chumbani, akakiona kitanda cha kamba kimeinuliwa na kuegemezwa ukutani, sakafu imekauka. Akakaa chini pale pale.

Nilimfuata nikapiga magoti. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikataka kueleza. Nikaanza na kitambulisho, nikaingia kwenye ukurasa, nikamtaja Mtaalamu, nikasikia sauti yangu mwenyewe inavyochukiza, nikaacha. Shangazi alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe.

"Lakini mimi nilijibu," akasema. "Nilikimbia, nikajibu upesi. Haikufika?"

"Ilifika, Shangazi."

"Nilisema nisichelewe, usije ukaona shangazi yako hajui simu." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Alioshwa na nani?"

"Mwoshaji, na sisi. Tulikusubiri. Maji ya mwisho tulikuwekea wewe."

"Akamwagia nani?"

"Mimi."

Akakichukua kiganja changu akakigeuza, akakitazama kwa muda, kama ambavyo angeangalia kitu alichomkopesha mtu kikarudi. Nje watu walikuwa wanatoka msikitini.

"Yalikuwa ya vuguvugu?" akaniuliza.

Yalikuwa yamelala kwenye jagi zaidi ya saa nzima, yakimsubiri yeye. Yalikuwa ya baridi kama ya mtungini.

"Ndiyo, Shangazi," nikasema.

"Basi," akasema. "Alhamdulillahi."